Swali la Arobaini na Moja

Nafua mashuka ya hospitali kutwa nzima, na mtihani wangu wa leseni ya uuguzi ni Jumatatu. Wenzangu wananiita Daktari wa Mashuka. Wacheke tu, siku yao ya kuchomwa sindano itafika.

Saa ya chakula wao hutoka nje kupiga soga. Mimi hubaki na mashine sita za kufulia na kitabu kizito kama tofali, nimekalia furushi la mashuka safi. Msimamizi akinikuta hapo, nitakiona cha moto.

Leo nilifika swali la arobaini na moja. Mgonjwa hagusi chakula wala hana wa kuzungumza naye, lakini akiulizwa hujibu haraka kwamba hajambo. Muuguzi afanye nini? Sikusita: asiridhike na jibu la kwanza; atulie, kisha amuulize tena. Nikajipa alama, nikajiona bingwa.

Hapo simu ikaita. Alikuwa mama.

"Umekula, mwanangu?"

"Nimekula, mama." Mkate wangu ulikuwa bado mfukoni, haujafunguliwa.

"Uko na nani hapo?"

"Na wenzangu. Tunacheka tu hapa. Sijambo kabisa."

Mashine zilikuwa zinazunguka. Mama, ambaye hajafungua kitabu cha uuguzi hata kimoja maishani mwake, alinyamaza kidogo.

"Haya," akasema. "Nakuuliza tena. Uko na nani?"