Vikombe Vilivyorudi Kuwa Bapa

"Yeyo, umevichoma."

"Usinipandishie sauti ndani ya nyumba yangu, Tobiko. Nimevifukiza. Kuchoma na kufukiza ni kitu kimoja?"

"Mbona sasa viko hivi?"

"Unaniuliza mimi? Si vya kwako, wewe msomi wa fomu foo."

Jana vilikuwa vikombe. Sasa mezani kuna vibapa thelathini kama chapati, na havina alama ya kuungua hata kidogo. Nikashika kimoja, kigumu, kimenyooka, utadhani hakijawahi kuwa kikombe.

"Uliniambia tutavitilia mtindi," mama akasema. "Nani anatia maziwa kwenye chombo kisichopitia moshi? Hata mtoto wa kijijini Endulen anajua."

Nikampigia Goodness, yule dada wa Arusha anayevitengeneza kwa plastiki ya mahindi. Akacheka kwanza. Akasema ndani ya plastiki hiyo kuna minyororo midogo sana, huwezi kuiona. Wao wanaanza na karatasi bapa ya plastiki, wanaipasha, wanaivuta iwe kikombe, wanaipoza chapchap. Minyororo inaganda ikiwa bado imevutwa. Ikipata joto tena inalegea, inarudi ilikotoka.

"Tumechanganya plastiki mbili ili kisipasuke, lakini joto bado hakiliwezi. Si nilikwambia ni vya mtindi tu?"

Kweli aliniambia.

"Joto kiasi gani? Hata chai?"

"Chai ndiyo usithubutu."

Asubuhi nilimpa Modest vikombe arobaini. Modest anaongoza watalii, alitaka kuvijaribu na wageni wake leo, chai ya saa nne pale getini Ngorongoro wakisubiri vibali. Aliniuliza kama vinahimili chai. Nikamjibu, bro, hata supu.

Saa tatu na nusu. Nikampigia, hapatikani. Nikapiga tena, hapatikani. Nikawa namuona mgeni kashika kikombe, na kikombe kinajifungua mkononi mwake na chai yote ya moto.

"Nani ataungua?" mama akauliza. Kumbe nilikuwa naongea kwa sauti.

"Wageni wa Modest. Nimewadanganya, Yeyo. Kosa ni langu, siyo lako."

Hakunicheka. Akachukua kibapa kimoja, akanitia mkononi.

"Nenda nacho getini. Ukienda mikono mitupu nani atakuamini? Na pikipiki ya jirani yetu Lekoko ina mafuta, nimemuona akijaza."

Nikakitia kifuani ndani ya jaketi, nikatoka, nikafunga mlango.