Neno Kutoka Kazini

…na akisimama magoti yatamwacha, hilo Muhiddin analijua kama anavyolijua jina lake, atashika kiti kilicho mbele yake na kiti chenyewe cha plastiki, kitaserereka, ataanguka nacho mbele ya jeneza, na msiba mzima wa Ilala utasema yule ndiye meneja wa duka la vitenge, yule pale chini, masikini ya Mungu, na mshereheshaji ndiyo kwanza ametangaza kwenye kipaza sauti, "Baada ya majirani tutapata neno kutoka kazini kwa marehemu," kazini, yaani yeye, hakuna mwingine, maana Bwana Ghanshyam mwenye duka yuko safarini na siku tatu zilizopita alipiga simu, "Muhiddin, kiongozi wao wewe, utasema wewe," akakata, na angejua… angejua kwamba tangu ampe umeneja, Muhiddin hajawaambia wafanyakazi wake hata habari za asubuhi kwa sauti ya kufika mlangoni, kwamba kila siku kabla ya kufungua duka walikuwa wakisimama barazani, Kariakoo inaanza kupiga kelele, yeye anamnong'oneza Bryson sikioni, na Bryson anapanda juu ya robota la vitenge, "Jamani, bosi anasema leo kuna wageni wa Kongo, tabasamu ni bure, asiye na tabasamu akaazime kwa Saadiya!" na watu wanacheka, kazi inaanza, na yeye Muhiddin anarudi kwenye kiti chake nyuma ya duka, salama kama kobe ndani ya gamba, na sasa huyo Bryson ndiye aliyelala pale mbele kwenye sanduku la kahawia, pikipiki imemgonga Mtaa wa Msimbazi akivuka kwenda kununua maji, maji tu, Mungu wangu, na gari la kumpeleka kwao Moshi limeshaegeshwa, likiondoka limeondoka, hakuna siku nyingine ya kusema.

Jirani anayezungumza ni mzee mnene mwenye kofia, "marehemu alikuwa mtu wa watu, ndugu zangu, alikuwa mtu wa watu," maneno yanamtoka bila kutafutwa, yanatoka wapi hayo, kuna watu wamezaliwa na kisima kifuani, na yeye Muhiddin ameshinda siku tatu akikariri mbele ya kioo cha bafuni, kwa niaba ya uongozi na wafanyakazi wote, kwa niaba ya uongozi na wafanyakazi wote, mpaka mkewe Wafa akagonga mlango, "Baba, unaongea na nani humo?" na alipomsomea Wafa alisikiliza mpaka mwisho kisha akasema kwa upole, "Ni maneno mazuri, lakini ungeweza kuyasema kwa maiti yeyote," na ni kweli, mchapakazi, mcheshi, pengo lisilozibika, maneno ya kukodi kama haya maturubai… vuta pumzi kwa pua, toa kwa mdomo, walisema kwenye zile video za simu, waone wasikilizaji wako kama hawana nguo, hivi aliyesema hivyo amewahi kwenda msibani, wale akina mama wa kanisani pale, astaghafirullah, hapana, vuta pumzi, ulimi umekauka umegeuka kipande cha gunia, ulikuwa hivi hivi kwenye maulidi ya utotoni, kanzu mpya, msikiti umejaa, akafungua mdomo na kasida yote aliyoijua usingizini ikayeyuka, na mama yake kule kwa wanawake akajifunika uso kwa buibui, si kwa hasira, ingekuwa hasira angeisahau, ilikuwa huruma.

"Bosi," ni Saadiya, keshia wa duka, amekaa kiti cha pembeni, ananong'ona, "unatetemeka. Niongee mimi?" na moyo wa Muhiddin unaruka kwa furaha ya aibu, ndiyo, aongee Saadiya, Saadiya anaweza, ana sauti, hana woga hata wa polisi, nani atauliza, bosi ameshikwa na tumbo, bosi ana presha, ndiyo, mwambie ndiyo, lakini mstari wa kwanza pale kakaa mama yake Bryson, mdogo, mwenye kilemba cheusi, hageuki nyuma, na saa ile walipofika alimshika Muhiddin mkono kwa mikono yake yote miwili, "Wewe ndiye Muhiddin? Bryson akipiga simu ni Muhiddin, Muhiddin. Utatuambia, baba. Alikuja huku mjini kijana mdogo, sisi tukabaki na picha. Nataka niondoke hapa na kitu," na Muhiddin aliitikia kwa kichwa tu, hata pole haikutoka, kitu gani, mama, nikupe kitu gani, mwanao alikuwa mchapakazi na mcheshi, hicho? "…na alikuwa akitusalimia sote, mkubwa kwa mdogo," anasema jirani, Mungu amjalie aendelee, asimalize, aseme mpaka jioni.

Ndiyo, alisalimia, mama, aliwasalimia wanawake wa Kongo kwa Kilingala cha kuokoteza mpaka wanashika mbavu, na yule mteja wa Komoro aliyeibiwa pasipoti alishinda naye kituoni mpaka jua likazama, na jioni tukifunga milango alinisimamisha mimi upande huu wa ghala na yeye akaenda mwisho kabisa nyuma ya marobota, "Haya bosi, hutubia!" nikasema neno, "Sikusikii, niko Buguruni mimi!" nikasema tena, "Sasa nimefika Ilala, vuta, vuta, nilete Kariakoo!" na sikuwahi kumfikisha, alikuwa akija mwenyewe amelowa jasho anacheka, "Kesho, bosi, kesho utanifikisha"… kelele, kila mtu atamkumbuka kwa kelele, Bryson spika, Bryson redio, na hakuna hata mmoja hapa anayejua kwamba alijua kunyamaza. Hakuna anayejua ile siku. Muhiddin hakumwambia mtu kazini, hata Saadiya anadhani bosi alikuwa na homa, wiki ile Wafa alipojifungua mtoto ambaye hakulia, wakamzika asubuhi na mapema, watu wachache, na wote waliokuja walikuwa na maneno, ni mipango ya Mungu, mtapata mwingine, maneno, maneno, kila neno kama kofi, kisha akaja Bryson, nani alimwambia, mpaka leo hajui, akavua viatu mlangoni, akaketi mkekani ubavuni mwake, na hakusema kitu. Hakusema kitu mchana kutwa. Yule mtu wa juu ya robota. Chai ilipoletwa alimmiminia, ilipopoa akaimwaga akammiminia nyingine, na wakati wa kuondoka alimwekea mkono begani, akauacha hapo kidogo, akatoka, na kesho yake barazani akapanda robota kama kawaida, "Jamani, bosi anasema…" na bosi hakuwa amesema lolote, bosi alikuwa nyuma ya duka analia, Bryson alitunga yote mwenyewe ili pasiwe na mtu wa kuuliza.

Hicho, mama. Hicho ndicho cha kuondoka nacho. Lakini kukisema ni kumtaja mtoto, mbele ya watu wote hawa, kwenye kipaza sauti, na ataweza vipi, na kifua kinambana sasa si kama cha mtu anayeogopa kuchekwa, kinambana vingine, na Muhiddin analiona jambo ambalo siku zote hizi tatu amekuwa akilizungukazunguka mbele ya kioo: akisimama yeye, akashika kipaza sauti yeye, akasema kwa sauti yake mwenyewe, basi Bryson hayupo. Mpaka sasa anamsubiri. Anakaa hapa anatetemeka akisubiri Bryson ainame, aweke sikio, achukue neno, apande nalo juu. Siyo watu anaowaogopa. Watu wamekuwepo miaka yote. Anaogopa kukaa kimya na asitokee mtu wa kumsemea, anaogopa ule ukimya utakavyokuwa mkubwa, na kumbe umeshaanza, tangu Msimbazi, yuko ndani yake… "sina mengi, ndugu zangu," anasema jirani, na bado anayo, anageuza ukurasa mwingine wa kumbukumbu, siku marehemu alipomsaidia kuzibua mtaro, watu wanaguna, kina mama wanafuta macho.

"Bosi, anakaribia kumaliza," Saadiya anamsogelea, ameshaweka mkoba chini, tayari kusimama. "Niende?"

"Nitaongea mimi."

"Nini? Sikusikii, spika inapiga kelele."

Na machozi yameshamfika kidevuni, na magoti ni yale yale, na ulimi ni ule ule wa gunia.

"Nimesema nitaongea mimi," anasema Muhiddin, na watu wa mistari miwili ya mbele wanageuka kumtazama, na jirani mwenye kofia anasita, anamwangalia, kisha anaendelea na habari za mtaro.