Baruti ya Saa Nne

Kazi yangu ni kusikiliza mlima. Ukinisikia nikisema hivyo utadhani nina kipaji. Sina. Nina meza, penseli, na mashine inayochora mstari kwenye karatasi kutwa kucha. Ardhi ikitikisika, mstari unaruka, nami naandika umeruka kwa nini.

Chini ya mlima wetu kuna mwamba ulioyeyuka, na ndani yake gesi imebanwa kama kwenye chupa ya soda. Mwamba huo ukipanda, unapasua mawe njiani, na kila ufa unatikisa ardhi kidogo. Mitetemo ikiongezeka, ujue kitu kinakuja. Haya nimewafundisha watoto wa shule mara ngapi sijui, tena kwa mbwembwe zote.

Tatizo letu lilikuwa machimbo ya kokoto upande wa pili wa mlima. Kila siku saa nne asubuhi walilipua baruti, na mstari wetu ukaruka. Msimamizi wao alitakiwa kutupigia simu kabla ya kulipua. Miezi ya mwanzo alipiga; baadaye akachoka, na sisi tukachoka kumuuliza. Tukawa tunaangalia saa tu. Mstari ukiruka saa nne, tunaandika M, yaani machimbo, tunaendelea na chai yetu.

Wiki ile, Jumatatu mstari uliruka saa nne. M. Jumanne, saa nne na nusu. M, wamechelewa hao. Jumatano uliruka mara sita kabla ya adhuhuri, nikasema ni malori yao yanapakia. Baruti huanza ghafla na kuisha papo hapo. Mistari ile ilivimba polepole na haikutaka kutulia. Niliiona, na bado nikaandika M.

Alhamisi asubuhi mdogo wangu akanipigia. Alikuwa akiishi ubavuni mwa mlima na mkewe na binti yao wa miaka minne.

"Dada, vikombe vinagongana kabatini. Tuhame?"

"Uhame uende wapi? Ni baruti hiyo. Acha woga."

"Mwenzangu ameshafunga mizigo."

"Mwambie afungue. Mlima ukitaka kulipuka mimi nitakuwa wa kwanza kujua, na wewe wa pili."

Akacheka. "Haya, mtaalamu wetu."

Saa saba mchana nilimpigia msimamizi wa machimbo. Sikuwa na shaka yoyote. Nilitaka kumgombeza tu kuhusu malori.

"Malori gani?" akasema. "Sisi tumefunga toka Jumamosi. Mashine ya kusagia imekufa."

Nikaanza kumpigia mdogo wangu. Simu iliita, ikaita. Nilikuwa bado nimeishika sikioni madirisha yalipotikisika na kilele kikafumuka. Watu hudhani mlima humwaga moto polepole kama uji. Wingu la majivu ya moto hushuka kwa kasi zaidi kuliko gari lolote. Na hilo pia nilikuwa nawafundisha watoto.

Siku ya tatu nilimkuta mama katika ukumbi wa shule walimokusanywa walionusurika. Alikuwa peke yake kwenye benchi, macho makavu. Nilitamani ardhi inimeze, nasema kweli. Nikapiga magoti mbele yake.

"Alikupigia?" akauliza.

"Alinipigia."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia abaki, mama."



"Mimi nilimwambia atoke," akasema. "Akanijibu, mama, dada ameshasema."