Siku Domitila Alipotetea Ng'ombe

Mwalimu Teodori alikuwa na mtindo mmoja uliotukera darasa zima la sita. Akishaandika mada ya mdahalo ubaoni, anauliza nani anaunga mkono na nani anapinga. Mkishanyoosha mikono anatabasamu, kisha anawabadilisha: aliyeunga mkono apinge, aliyepinga aunge mkono. Ukilalamika anakwambia, "Upande wako unaujua tayari. Nenda ukaujue wa mwenzako."

Ilikuwa mwaka ule baada ya Manyara kuwa mkoa. Babati yetu ilijaa wageni wenye mikoba wakitafuta nyumba za kupanga, na baba yangu alianza kujiita mfanyabiashara wa makao makuu, ingawa sukari aliyouza ilikuwa ileile na vumbi lilelile. Kwingine watoto waliendelea kukariri. Sisi Mwalimu Teodori alitukataza ukasuku, nami nilimwona mkorofi tu. Siku hizi nikipita karibu na shule nikasikia darasa zima likiitikia kwa pamoja, namkumbuka mpaka moyo unaniuma.

Mwenzangu wa dawati alikuwa Domitila, mtoto wa wafugaji wa tambarare za Hanang, aliyeishi Maisaka kwa shangazi yake. Mimi Mwamvita nilikuwa na mdomo. Akili alikuwa nazo yeye, na sijawahi kuona mtoto aliyeipenda shule namna ile. Wiki ya mwisho ya muhula shangazi akampa habari mbaya. Dada yake ameolewa, ndama hawana wa kuwaangalia, baba anakuja Ijumaa kumchukua. Hatarudi tena.

Ijumaa hiyohiyo wazazi walikuwa wamealikwa kusikiliza mdahalo. Mada: Ng'ombe ni bora kuliko shule. Domitila alinyoosha mkono kupinga, karibu asimame juu ya dawati. Mimi nilinyoosha kuunga mkono kwa utundu tu, maana kwetu hatukuwa hata na mbuzi. Mwalimu akatabasamu, akatubadilisha. Mimi nitetee shule, yeye atetee ng'ombe.

Nilimfuata ofisini nikiwa nimefura.

"Mwalimu, baba yake atakuwepo! Unataka amsikie mwanawe akisema ng'ombe ni bora?"

"Nataka amsikie mwanawe akifikiri," akajibu, akaendelea kusahihisha madaftari.

Nikaona huyu hashauriki. Nikamgeukia Domitila mwenyewe. "Legeza kidogo basi. Sema mawili matatu, kaa chini. Nikishinda mimi, baba yako ataona shule ina faida."

Alitikisa kichwa. "Nikisema ovyo mbele ya baba," akaniambia, "ataona miaka yote hii nimefundishwa kusema ovyo."

Mzee Melkior, baba yake Domitila, alikuja mapema, akakaa benchi la nyuma, shuka begani, fimbo katikati ya magoti. Tulimwamkia wote, akatuitikia marahaba moja ya jumla. Sura yake haikusema kitu.

Nilianza vizuri, sijisifu. Nilisema ng'ombe hufa lakini elimu haifi, na wazazi wakapiga makofi. Ndipo Domitila akasimama.

"Mwamvita anasema ng'ombe hufa," alianza. "Na msomi je, yeye haendi kaburini?"

Darasa likaangua kicheko. Hakungoja kiishe.

"Mwaka ule mvua ilipokosekana hatukula madaftari. Mama alipougua, aliuzwa ng'ombe ndipo akatibiwa. Madawati haya ni michango ya wazazi, na baba yangu aliuza ndama kuutoa wake. Shule imekula ng'ombe wetu wengi. Ng'ombe hajala shule hata moja."

Wazazi walipoombwa kupiga kura, hata baba yangu, muuza sukari, alinyoosha mkono upande wa ng'ombe. Nilimchukia siku ile! Domitila alikuwa ameshinda, na niliona kabisa kwamba amejifunga kamba mwenyewe.

Mzee Melkior akasimama.

"Domitila. Haya uliyosema, unayaamini?"

"Ni ya kweli, baba. Lakini mimi nilitaka kupinga. Upande huu nimepewa na mwalimu."

"Ungepinga, ungesema nini?"

Domitila akavuta pumzi, kisha akageuka kubishana na maneno yake mwenyewe. Akasema ng'ombe hawezi kuishi bila malisho, na malisho siku hizi hugawanywa vikaoni, kwa ramani na karatasi. Mkoa ni mpya, mipaka inapimwa kila siku, na wafugaji huweka dole gumba kwenye karatasi wasizoweza kuzisoma. "Tukikosa wa kuzisoma, baba, hao ng'ombe tutawachungia wapi?" Mimi niliyepewa upande huo wiki nzima sikuwa nimeyafikiria hayo hata kidogo.

Mzee alimgeukia Mwalimu Teodori, akamwambia yeye peke yake, kana kwamba sisi wengine hatupo.

"Mwalimu, sisi tukiitwa kikaoni tunajua kusema la kwetu tu. Tunapiga kelele, tunashindwa, tunarudi nyumbani kulaumu. Huyu mtoto anajua la kwetu na la kwao." Akarekebisha shuka lake. "Ndama nitawachunga mimi."

Baadhi ya wazazi walicheka wakidhani anatania, maana kule kwao kuchunga ndama ni kazi ya watoto, si ya mzee wa heshima yake. Yeye hakucheka. Alimwekea bintiye mkono kichwani, akaaga, akashika njia ya kurudi Hanang peke yake.