Pete ya Bunduki ya Mjerumani

Bi Biasha alipoamua kuigeuza sebule ya marehemu baba yake kuwa chumba cha kumbukumbu, mtu wa kwanza kumwita alikuwa Eusebio, seremala aliyehamia Kilwa Kivinje kutoka Kitomanga. Alimkabidhi bunduki ya Mjerumani ambayo babu yake aliibeba katika vita vya kwanza vya dunia. Polisi walikuwa wameuchomelea mtutu ili isifyatuke tena, na mbao yake ilikuwa imeliwa na mchwa.

Eusebio akachonga mbao mpya ya mninga. Bi Biasha alimletea chai ya tangawizi, akakaa kumtazama. "Fundi," alimwita, na Eusebio akajiona kana kwamba hakuna fundi mwingine mjini.

Ikabaki pete ya chuma inayobana mbao kwenye mtutu. Ya zamani ilikuwa imepotea. Bi Biasha akamleta Abdulrazak, fundi wa mashine za boti, mpenzi wa vyuma vya kale. Pete ya kwanza iliyoagizwa ilipofika, Abdulrazak aliigeuza mara moja tu akaiweka kando.

"Hii siyo, Bi. Ni ya bunduki ya vita vya pili. Tazama, mkanda unapita ubavuni. Ya babu yako mkanda ulining'inia chini, kwenye kikuku, kile kitanzi kidogo cha chuma chini ya pete."

"Wallahi wewe una macho!" Bi Biasha akacheka, akamsogezea kikombe.

Tangu siku hiyo, Bi Biasha akiita "fundi," Eusebio aligeuka akakuta haitwi yeye. Chai ikawa ya wawili, lakini mazungumzo yakawa ya mmoja. Hata wapita njia waliochungulia dirishani waliuliza pete imefika wapi. Mbao hakuna aliyeiulizia. Eusebio alizidi kuipiga msasa.

Pete sahihi ikaja. Kabla ya kuifunga, Abdulrazak aliitwa aende Somanga kutengeneza mashine ya boti. "Kaka Eusebio, nifungie hiyo yenye kikuku," alisema. "Nakuamini."

Pete zote mbili zilikuwa mezani. Eusebio akaishika yenye kikuku, akairudisha, akachukua ile nyingine. Haikuingia. Akachukua patasi, akaipunguza mbao yake mwenyewe, ile aliyoilainisha mpaka ikang'aa, hadi pete isiyo yake ikakaa. Waone sasa huyo mwenye macho, alijisemea.

Siku ya ufunguzi, mgeni rasmi alikuwa Mzee Iddi, mwanajeshi mstaafu. Akainama juu ya bunduki.

"Hii pete ni ya vita vya pili. Nani kaichagua?"

Uso wa Bi Biasha ukasawijika. Abdulrazak alikuwa amerudi asubuhi hiyo. Akatazama pete, akatazama alama mbichi za patasi pembeni yake, kisha akamtazama Eusebio.

"Ni mimi, Mzee," alisema. "Nilizichanganya. Nitarekebisha."

"Basi waungwana hukubali kosa," alisema Mzee Iddi, akampa mkono. Watu wakapiga makofi. Eusebio alikuwa amengoja aibu ya mwenzake kwa siku kadhaa. Badala yake akamwona akisifiwa, na wivu ukamzidi. Hata wema wake alimwonea gere.

Wageni walipoondoka, Abdulrazak aliifungua ile pete na kuvisha yenye kikuku. Ikacheza kama bangili kwenye mkono wa mtoto.

"Mbona inalegea?" aliuliza Bi Biasha.

Abdulrazak angeweza kusema neno moja tu. Hakulisema, na kimya chake kilimwelemea Eusebio kuliko matusi.

"Mbao niliipunguza mimi," alisema hatimaye. "Pete nilibadilisha mimi. Abdulrazak hakukosea."

"Kwa nini, Eusebio? Amekukosea nini huyu?"

"Hajanikosea. Ulikuwa ukiniita fundi, Bi."

Bi Biasha akasema kwa ukali, "Nitakuita fundi ukimaliza. Hii haifai. Anza upya."

Eusebio akaibeba mbao iliyoharibika kwenda nayo karakanani kwake. Kesho yake aliweka gogo jipya la mninga kwenye meza. Abdulrazak akaja na pete mfukoni ili ipimwe kila hatua. Eusebio aliipokea bila kumtazama usoni. Moyo ulikuwa bado unamuuma, lakini alisogea akampisha nafasi.

"Shika huku," alisema. "Isiteleze."