Kondo la Uani kwa Bimdogo

Akelo alikuwa mkunga mwenye cheti, na mwaka mzima kabla ya Uhuru alikuwa akideki sakafu. Hiyo ndiyo habari yake kwa ufupi. Lakini ufupi hauonyeshi jinsi mtu alivyoona haya, kwa hiyo tuisimulie kwa kirefu.

Cheti alikipata upande wa Kenya, karibu na Kisumu, katika hospitali ya misheni ambako alizalisha wanawake mpaka akaacha kuwahesabu. Kisha akatokea kijana wa Shirati, Zadok Okomo, fundi mitambo katika kinu kimoja cha pamba Mwanza, akamposa na kuja naye huku. Hakuna aliyemwonya kwamba mpaka ule, ambao ndugu zake Wajaluo huuvuka wakienda kusalimia shemeji, unaweza kumvua mtu kazi yake. Alipopeleka cheti, jibu kutoka Dar es Salaam lilikuja la heshima na la baridi. Mafunzo yale hayatambuliwi Tanganyika. Mwombaji afanye kazi chini ya uangalizi, na mkuu wake akiridhika naye, aandike barua. Mpaka hapo atakuwa yaya wa wodi.

Yaya wa wodi, kwa wasiojua, ndiye anayemwaga mikojo.

Hospitali yenyewe ilikuwa ndogo, ya wazazi tu, upande wa Nyegezi. Mkuu wake alikuwa mtawa wa Kizungu ambaye watu wote walimwita Sista Mkuu. Alisema Kiswahili kizuri kuliko baadhi ya makarani, na uchafu aliuchukia kama dhambi. Akelo aliinamisha kichwa, akadeki. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama mpaka mgongo ukauma. Lililomuuma zaidi ni kwamba huko mtaani hakuna aliyejua. Kila asubuhi alitoka nyumbani na gauni safi, aproni ya uyaya ameificha ndani ya kikapu, na majirani wakimpungia mkono, "Nesi, kazi njema!" Naye akiitikia. Alipoitikia mara ya kwanza ilikuwa adabu tu. Baadaye ikawa uongo, na uongo ukishazoea nyumba haufukuziki.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Bimdogo, mtaa wa Mirongo. Yeye na Zadok walipanga chumba cha uani. Bimdogo alikuwa mjane wa Kiislamu, mwenye damu ya Tabora, ya Ujiji, na Mungu anajua ya wapi tena. Mwanawe Salehe alikuwa fundi cherehani, na mke wa Salehe, Zakia, alikuwa na mimba ya pili. Ya kwanza ilikuwa imemtoka mtoto akiwa maiti, baada ya kuhangaika ndani ya nyumba hiyo hiyo.

"Mama, safari hii mpeleke hospitali," Akelo alimwambia Bimdogo. "Nitakuwepo mwenyewe."

Maneno hayo yalikuwa ya huruma, lakini si ya huruma tupu. Sista Mkuu alikuwa akilalamika kila siku kwamba wanawake wa mjini hawaji kuzaa kwake, na wiki hiyo hiyo alikuwa amemwambia Akelo, "Wewe unaishi nao. Ukiwaleta, nitajua unafaa." Akelo alimwona Zakia akipita na tumbo lake, na katika tumbo lile aliona na barua yake. Ndivyo tulivyo.

Bimdogo alifikiri, huku akichambua mchele.

"Hospitali siikatai, mwanangu. Dawa siikatai. Lakini nasikia huko kondo la nyuma wanalichoma kama takataka. Sisi tunalizika nyumbani. Mtoto ambaye kondo lake limechomwa, ukimuuliza kwao ni wapi atakujibu nini? Ataonyesha moshi?"

"Nitakuletea mwenyewe, mama. Mkononi mwako."

"Unaniahidi?"

"Nakuahidi."

Akelo alijua fika kwamba amri ya Sista ni kuchoma kila kitu kwenye shimo la moto nyuma ya hospitali, na kwamba yaya mmoja aliyewahi kumpa ndugu wa mzazi kondo lao alifukuzwa kazi kabla ya chakula cha mchana. Alijiambia atapata njia. Watu wengi wamepotea wakijiambia hivyo.

Zakia alijifungua asubuhi, salama, mtoto wa kiume mwenye sauti ya mnadi wa sokoni. Sista Mkuu alimpokea mtoto, Akelo akisaidia. Kondo lilipotoka, Akelo aliliweka kwenye bakuli la bati, akafunika, akalisukuma chini ya meza ya kuoshea. Moyo ulimdunda, lakini kwa furaha. Njia ilikuwa imepatikana.

"Akelo," Sista alisema, akikausha mikono. "Chukua hilo bakuli, twende pamoja. Nina neno na wewe."

Wakatembea pamoja mpaka shimoni. Njiani Sista alisema ameridhika. Alisema wanawake wa mjini sasa wataanza kuja, na kwamba wiki ile ile ataandika Dar es Salaam, maana nchi inakwenda kujitawala na itahitaji wakunga wake. Akelo alisikiliza maneno aliyoyasubiri tangu alipovuka mpaka, bakuli mikononi. Kisha Sista akamtazama, akisubiri afanye kazi yake.

Angeweza kusema. Angeweza kusema, "Sista, niliwaahidi." Ulimi ulikuwemo kinywani, haukuwa umekatwa. Aliinamisha bakuli, moto ukalia, na Sista akamgusa bega kwa upole, akaenda zake kusali.

Bimdogo alikuwa kwenye baraza ya hospitali, ameketi juu ya kanga, na chungu kipya pembeni yake na kitambaa cheupe juu ya magoti. Salehe alikuwa ameshamwadhinia mwanawe sikioni. "Haya, mwanangu," Bimdogo alisema, akitabasamu kwa meno aliyobaki nayo. "Nipe letu niende nikalizike jua halijawa kali."

"Subiri kidogo, mama. Sasa hivi."

Akelo alichukua chungu na kitambaa, akarudi ndani. Kwenye kitanda cha pili alikuwa amelala Kija, binti wa Kisukuma kutoka ng'ambo, Busisi. Alikuwa amejifungua mtoto wa kike muda mfupi tu uliopita, mikononi mwa nesi mwingine. Watu wake walikuwa hawajafika, wakisubiri kivuko cha kuja Kigongo. Amechoka, amefumba macho. Na chini ya kitanda chake lilikuwapo bakuli la bati, limefunikwa.

Hakuna aliyemwona. Alilifunga lile kondo katika kitambaa cheupe cha Bimdogo, akalitia chunguni, akamkabidhi. Bimdogo alilipokea kwa mikono miwili.

"Mungu akulipe," alisema. "Wewe ni mtu wa ahadi."

Ilipofika alasiri, mama mkwe wa Kija aliwasili, amebeba kuku na unga. Aliitwa Ng'wana Nkwabi, yaani binti wa Nkwabi, bibi mwembamba wa maneno machache. Alimtazama mjukuu, akacheka kimya kimya, kisha akamfuata Akelo mlangoni.

"Na lile la nyuma, mwanangu, ninalipata wapi?"

"Tumeshalichoma, mama. Ndiyo sheria ya hapa."

Bibi yule hakugomba. Angegomba, Akelo angepata pa kushika. Angejibu kwa ukali wa kihospitali, mambo yakaisha. Ng'wana Nkwabi aliuliza tu kama anaweza kuonyeshwa mahali penyewe. Akelo akampeleka. Bibi akachuchumaa ukingoni mwa shimo, akachota majivu kwa vidole, akayafunga katika pindo la nguo yake.

"Wabeja, mwanangu," alishukuru kwa Kisukuma. "Wengine wangenifukuza."

Tangu siku hiyo Akelo hakuwa na raha. Kondo la mtoto wa Busisi lilikuwa limezikwa uani kwa Bimdogo, hatua chache tu na mlango wa chumba chake, na kila alipokwenda kuchota maji alipazunguka mahali pale kama mtu anayekwepa mdai. Usiku Zadok alimuuliza ana nini. Alijibu ni uchovu. Zadok, mwanamume mwema na mzito wa kuelewa, akamnunulia soda.

Barua ilifika siku zile mji mzima ulipokuwa ukishona bendera, na Salehe hakuwa na nafasi hata ya kula. Cheti cha Akelo kimetambuliwa. Alipewa sare nyeupe na mkanda, na yaya mwingine akachukua ndoo. Zadok alicheza katikati ya chumba kidogo mpaka akaangusha taa. Akelo alivaa sare, akajitazama kwenye kioo cha mume wake cha kunyolea ndevu, na uso alioutazama haukumpendeza.

Kisha ikaja arobaini ya mtoto wa Zakia. Wanawake wa mtaa walijaa uani, pilau ikapikwa, na Bimdogo akamshika Akelo mkono, akamsimamisha katikati yao, karibu kabisa na mahali pale.

"Mnamwona huyu?" alisema. "Si wa dini yetu wala wa nchi yetu. Lakini aliniahidi, akatimiza. Kondo la mjukuu wangu liko hapa, chini ya miguu yenu. Basi kuanzia leo asiulizwe tena kwao. Kwao ni hapa."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mmoja mwenye mimba kubwa akasogea, akauliza, "Nesi, na sisi ukituzalisha utatupa yetu?" Mwingine akauliza vile vile. Walimtazama kwa matumaini, na Akelo akawa amesimama pale na sahani ya pilau mkononi, uso unamwaka. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini ardhi ile ilikuwa na kitu cha watu ndani yake.

Wageni walipoondoka, Bimdogo akiwa anakunja mikeka, Akelo alipiga magoti mbele yake, akasema yote. Hakuacha kitu: barua, shimo, kitanda cha pili, bibi wa majivu.

Bimdogo aliendelea kukunja mkeka mpaka ukawa mdogo kabisa.

"Kwa hiyo letu limechomwa."

"Ndiyo, mama."

"Na hili nililoliombea dua ni la watu wengine. Na watu wenyewe hawajui."

"Hawajui."

Akelo alingoja kupigwa, au kufukuzwa, na angeshukuru kwa lolote kati ya hayo. Bimdogo alisema tu, "Kesho tunakwenda Busisi. Na uvae hiyo sare yako. Wakujue ni nani aliyewafanyia."

Walipanda basi mpaka Kigongo, wakavuka. Njia nzima Bimdogo hakumsemesha, na abiria walimpisha Akelo nafasi ya kukaa kwa ajili ya sare. Kule Busisi waliulizia, wakaonyeshwa. Ng'wana Nkwabi alikuwa akianua mihogo. Akelo akamwamkia shikamoo, na bibi alipomtambua alipiga makofi kwa furaha.

"Marahaba! Kija, njoo uone! Ni yule nesi aliyenionyesha majivu!"

Kabla Akelo hajafungua kinywa, bibi alikuwa amewavuta mpaka nyuma ya nyumba. Hapo aliyazika yale majivu, akapazungushia mawe madogo, akapafagia. "Si kondo lenyewe," alisema kwa unyonge kidogo, "lakini ni bora kuliko kukosa kabisa."

Akelo alipiga magoti kwenye vumbi na sare yake nyeupe, akasimulia. Kija alimkumbatia mwanawe kifuani kama kwamba anaporwa sasa hivi. Ng'wana Nkwabi alisikiliza bila kumkatiza.

"Letu liko kwako?" alimuuliza Bimdogo.

"Liko kwangu, dada. Nimelizika kwa heshima. Siku yoyote njoo, mlango ni wako."

"Na haya majivu?"

"Ni ya mjukuu wangu," Bimdogo alisema. Akachuchumaa kando ya yale mawe, akaweka kiganja juu ya udongo, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Ng'wana Nkwabi alimgeukia Akelo. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa anatafuta jambo, kama mtu anayepapasa gizani akitaka asimkanyage mwenzake.

"Mwanangu, wewe ni mgeni. Labda kwenu, huko Kenya, watu hawaziki?"

Akelo aliuona mlango aliofunguliwa. Angesema hawaziki, angekuwa mgeni asiyejua, na mgeni asiyejua husamehewa. Bibi yule alikuwa anamwomba aseme hivyo. Neno moja tu, na wote wangekula mihogo pamoja.

"Tunazika," alisema. "Langu bibi yangu alilizika nyuma ya nyumba yake. Mahali penyewe napajua mpaka leo."

Bibi aliitikia kwa kichwa, polepole. Alimwinua Bimdogo kwa mkono, akamwambia jua ni kali, aingie ndani apate maji. Kija akawafuata na mtoto wake. Akelo alibaki amepiga magoti kando ya yale mawe, na hakuna aliyemwambia aondoke, wala aliyemwambia aingie.