Mshipa wa Chini ya Kiwiko

Mama Pacha alikuwa karani wa mapokezi kwenye zahanati, mahali ambapo mgonjwa aliyechoka kungoja humwona karani kuwa ndiye ugonjwa wenyewe. Siku mteja mmoja alipomrushia daktari wa meno kiti, mwenye zahanati aliona maji yamefika shingoni, akaleta mwalimu wa kujihami. Alikuwa mwanamieleka mstaafu, mfupi, mpole, ambaye watu walimwita Kidole.

"Sifundishi ngumi," aliwaambia wafanyakazi. "Ngumi inataka mwili. Mimi nawaonyesha pa kubonyeza tu."

Akawaonyesha. Chini kidogo ya kiwiko, upande wa kidole gumba, nyama inapoachana, kuna mshipa wa fahamu unaopita juujuu. Akambonyeza mfamasia. Mfamasia akakaa sakafuni bila kukaribishwa.

Jioni, mezani, Mama Pacha alimsimulia mumewe. Baba Pacha alikuwa fundi wa lifti, mtu wa maneno machache na mikono minene kuliko mapaja ya watu wengine.

"Upuuzi," alisema, akiendelea kula.

"Lete mkono."

Akauleta. Mama Pacha akapapasa, akapapata, akabonyeza. Baba Pacha akatafuna, akameza.

"Umesikia?"

"Nini?"

Tangu hapo ikawa ndiyo kazi yao kila baada ya chakula. Alimbonyeza kwa kidole gumba, akambonyeza kwa kifundo cha kidole, na siku moja kwa mpini wa kijiko. Baba Pacha aliangalia dirishani. Kuna siku machozi yalimlengalenga, akasema ni vitunguu. Siku hiyo walikuwa wamekula mkate na chai.

Mama Pacha akapeleka mashtaka kwa Kidole. "Mwalimu, mume wangu hasikii kitu."

Kidole alikuna kidevu. "Watu wa hivyo wapo, dada, ila ni adimu. Ongeza nguvu."

Haikupita wiki, jamaa mmoja aliitwa kwa daktari wakati yuko nje anavuta sigara. Aliporudi akakuta zamu yake imepita. Akaegemea kaunta, akamkwida Mama Pacha kola ya sare.

"Naingia sasa hivi," alisema.

Mama Pacha aliutazama ule mkono. Ulikuwa mnene kama wa mumewe, na huenda nao ulikuwa wa wale adimu. Hivyo hakubahatisha. Aliushika kwa mikono yote miwili, akatafuta mahali, akabonyeza kwa uzito wake wote pamoja na hasira za miaka yote aliyokaa pale kaunta.

Jamaa alipiga magoti taratibu, kama mtu aliyekumbuka kusali.

"Shikamoo," alisema, ingawa alimzidi umri.

"Marahaba. Kaa pale, utaitwa."

Mama Pacha alifika nyumbani akamkuta mumewe sebuleni, na shati la mikono mirefu, kama kila jioni siku hizi, katika joto lile.

"Vua shati."

"La nini?"

"Baba Pacha, vua."

Akavua. Mkono ulikuwa zambarau, kijani na njano, kuanzia kiwiko hadi karibu na kifundo cha mkono. Kumbe siku zote hizo mtu alikuwa anajikaza kisabuni.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilishasema ni upuuzi. Ningesema nini tena?"

"Na kazini?"

"Skrubu nakaza kwa kushoto."

Mama Pacha alishikwa na huruma na hasira kwa pamoja, asijue ianze ipi. Akaleta barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, akakaa kando yake, akamwekea.

"Na kila siku ulikuwa unauleta mkono mwenyewe," alisema.

"Ulikuwa unarudi kutoka kazini na furaha. Zamani ulikuwa unarudi kama umetoka msibani."

Mama Pacha alihamisha barafu kidogo, pale palipokuwa zambarau zaidi.

"Kuna kitu kingine unachokivumilia humu ndani?" aliuliza.

Baba Pacha alifikiri. Alifikiri kwa muda mrefu kuliko alivyopenda Mama Pacha.